Ulimi wa Kashindye

Kwa miaka ishirini na sita hakuna gunia la chakula cha kuku lililotoka kwenye ghala la akina Shamshudin bila kupita kwanza ulimini mwa Kashindye. Sitii chumvi. Mzee huyu akishamaliza kuchanganya aliegemeza beleshi ukutani, akajipangusa mikono kwenye suruali, akachota kwa vidole vitatu, akatia mdomoni na kufumba macho. Mteja anasubiri. Wapakiaji wanasubiri. Kisha anatema pembeni na kusema, "Funga." Au anasema, "Bado," na akisema bado, hata tajiri mwenyewe alikuwa hakai kitini mpaka kosa lionekane.

Wafugaji walizoea hivyo, wa Kiseke, wa Nyegezi, hata wale waliotoka Usagara na kupita maduka mengine matano njiani. Mtu akikuta gunia lake limeshashonwa, swali lake la kwanza lilikuwa, "Limeonjwa?" Kama halikuonjwa mbele ya macho yake, linafumuliwa, mzee anaitwa, anaonja. Walikuwepo waliocheka, hasa vijana waliosoma, kwamba eti chakula cha kuku kinapimwa kwa mate ya mtu. Wengi wao walinunua kwingine mara moja au mbili, kisha wakarudi kimya kimya wakapanga foleni kama wengine.

Jina hilo hakulipata kwa kurithi. Alikuja mjini kutoka vijijini Misungwi akiwa na mgongo mzuri na hana kingine, akaajiriwa kubeba magunia. Siku moja lori la mahindi liliposhushwa, aliokota punje iliyomwagika, akaitafuna kwa njaa tu, akaitema. Akamwambia Mzee Shamshudin kwamba yale mahindi yana uchungu wa ukungu. Shamshudin, ambaye alikuwa mtu wa hasira za karibu, alimuuliza tangu lini mbeba magunia akawa mkaguzi. Lakini hakulala na neno lile. Kesho yake alifungua gunia la chini kabisa, akaingiza mkono hadi kwenye kiwiko, ukatoka na unga wa kijani. Tangu wiki ile Kashindye hakubeba tena gunia, akapewa beleshi.

Akajifunza kazi kwa ulimi wake. Alijua mashudu ya pamba yaliyokaa sana, na dagaa waliokusanywa na mchanga wa ufukweni ili wapande uzito. Alijua pia chokaa iliyozidi, maana ilimkausha fizi. Alijua hata ule uchungu mdogo unaobaki mdomoni primiksi ikichanganywa vizuri, ule unga wa vitamini na madini unaotiwa kidogo sana hata mgeni anadhani umesahaulika. Na alipenda kuwaeleza wateja, kuliko walivyopenda kusikiliza, kwamba kuku wa nyama si kuku wa kijijini anayejitafutia kumbikumbi. Huyu amefungiwa, anaishi wiki tano au sita, na katika hizo kila siku ina kazi yake. Ukimkosesha laisini na methionini, vile virutubisho vya kujenga nyama, wiki ya pili, hata ukimpa ng'ombe mzima wiki ya tano atabaki na kifua cha njiwa. Hivyo ndivyo alivyosema, na wateja walicheka, na walinunua.

Shamshudin alipofariki, ghala lilimwangukia binti yake Mehjabeen, mwanamke mpole anayependa mambo yaandikwe. Alinunua mizani ya kielektroniki. Alimleta mtaalamu wa lishe ya mifugo aliyekuwa akiishi Nyegezi, akamwandikia vipimo vya kila chakula, na karatasi ile ikabandikwa ukutani ndani ya plastiki: mahindi kilo kadhaa, soya, dagaa, mifupa, primiksi, chumvi gramu mia tatu kwa kila kilo mia. Kashindye alinuna siku tatu. Siku ya nne aligundua kuwa vile vipimo vinakaribiana sana na mkono wake, akaacha kununa. Tena akawa anaisifia ile karatasi kana kwamba ni yeye aliyeiamuru. Lakini kuonja hakukuondoka. Wateja hawakuikubali karatasi. Walimtaka mzee afumbe macho.

Basi ulimi huo ukafa mwaka jana mwezi wa sita.

Aliugua mafua makali, siku kumi kitandani, homa na jasho. Alipoanza kukaa, mkewe Selina alimpikia sato wa kuchemsha na ndimu, chakula anachokipenda hata akiwa na hasira. Akala matonge mawili, akasema, "Mama Mhoja, leo umesahau chumvi." Selina akaonja mchuzi kwa ncha ya kijiko. Akamtazama. Akasema chumvi ipo, na ndimu ipo, na pilipili pia ameitia.

Walisubiri wiki. Walisubiri mwezi. Mganga wa zahanati alisema hali hiyo huwapata wengine na mara nyingi ladha hurudi, akampa vidonge ambavyo navyo havikuwa na ladha. Haikurudi. Ugali ukawa kama kutafuna kitambaa. Chai ikawa maji ya moto. Kashindye, mtu aliyeweza kukwambia dagaa hawa ni wa kisiwa gani, akawa hatofautishi sukari na majivu.

Hakumwambia mtu zaidi ya Selina, na Selina alikatazwa kumwambia mtu. Tuseme ukweli wake: aliogopa. Alikuwa na miaka hamsini na tisa na mgongo uliokwisha kuchoka, hawezi kurudi kwenye kubeba. Kuchanganya kwa beleshi kila mtu anaweza, na mizani haihitaji mzee. Alichokuwa nacho yeye peke yake ni ulimi. Zaidi ya mkate wa kila siku, kilikuwa kitu cha kuitwa nacho. Watu walipomwona njiani walimwonyesha kwa watoto wao, kwamba yule ndiye. Nani anataka kuwa yule aliyekuwa?

Akaendelea hivyo hivyo. Alichota, akatia mdomoni, akafumba macho, akatema. "Funga." Siku za mwanzo moyo ulimdunda hata akahisi wapakiaji wanausikia. Lakini karatasi ilikuwa ukutani na mizani ilikuwa sahihi, wauzaji walikuwa wale wale, chakula kikatoka kizuri, kuku wakanenepa, wateja wakashukuru ulimi. Akazoea. Hilo ndilo baya kuliko yote, kwamba alizoea. Kuna nyakati alipofumba macho alikaribia kuamini kuwa anasikia kitu.

Mwezi wa nne mwaka huu mvua zikanyesha mfululizo. Wanaoishi kandokando ya ziwa wanaelewa maana yake kwa dagaa. Jua likiwepo, dagaa wanaanikwa mchangani au juu ya nyavu, na kabla ya jioni wamekauka. Jua lisipokuwepo wanaanza kuoza saa ile ile, kwa hiyo wavuvi wanawakaanga, au wanawapiga chumvi. Kwa binadamu hakuna neno, anawaosha kabla ya kupika. Kuku hana wa kumwoshea. Ndiyo maana mchanganyaji yeyote wa huku anajua kwamba masika dagaa wanaonjwa peke yao kabla ya kwenda kwenye mizani. Wakiwa na chumvi wanarudishwa kwa mwenyewe, au wanapunguzwa na ile chumvi ya kwenye karatasi haitiwi kabisa. Na aliyewafundisha wachanganyaji wa mjini jambo hilo, nusu yao, ni Kashindye.

Pius, aliyekuwa akiwaletea dagaa miaka yote, alileta gunia moja tu wiki ile, tena kwa kuomba radhi. Alisema dagaa wake wote wameharibikia mvuani, hawa amewanunua kwa watu wa visiwani. Akamwambia mzee, akiwa tayari amegeuka kuondoka, "Uwaonje kwanza. Hawa sikuwakausha mimi."

Kashindye akaokota dagaa wawili, akatafuna. Alisikia miba. Alisikia ukavu. Akaona vichwani mwao kama unga mweupe, akausugua kwa kidole gumba. Inaweza kuwa majivu. Inaweza kuwa mchanga mwembamba wa kule. Mehjabeen alikuwa ameketi hatua kumi kutoka pale, ana kikombe cha chai, anaandika. Ilikuwa ni kusema tu, dada, hebu onja hawa. Wapakiaji wawili walikuwa mlangoni, angeweza kumwita yeyote. Lakini kwa miaka ishirini na sita hakuwahi kumwomba mtu amwonjee, na siku atakayoomba itakuwa ndiyo siku wataanza kuuliza kwa nini. Alisimama na wale dagaa kiganjani kwa muda ambao baadaye aliukumbuka kama mrefu sana. Kisha akasema, "Wazuri. Wapimeni."

Aliyekuwa akisubiri chakula siku hiyo ni Odeta wa Kiseke. Mama wa miaka thelathini na kitu, mkimya, mwenye tabia ya kusikiliza mpaka mwisho hata ukirefusha. Alikuwa na vifaranga mia mbili wa kwanza katika maisha yake. Aliwapata baada ya kumbembeleza mumewe Revocatus mwaka mzima, maana Revocatus alisema kuku wa nyama ni mchezo wa watu wenye moyo wa chuma. Vifaranga walikuwa wamefikisha siku nane na mfuko wa kuanzia ulikuwa umeisha. Kashindye akampimia stata, chakula cha vifaranga, magunia manne. Dagaa kama karatasi ilivyosema. Chumvi kama karatasi ilivyosema. Akachanganya, akageuza, akachanganya tena, akachota kwa vidole vitatu, akafumba macho mbele ya yule mama aliyeshika mkoba wake kwa mikono miwili.

"Funga," akasema.

Wiki moja baadaye, siku ya Alhamisi saa tano asubuhi, Odeta alirudi. Alikuwa na mfuko mweusi, na ndani yake vifaranga watatu waliokufa. Aliuweka juu ya meza ya Mehjabeen kisha akauondoa haraka akauweka chini, kwa kuona aibu. Akaeleza. Wamekufa sitini na mmoja. Wanakunywa maji mpaka anaogopa, anajaza chombo, akigeuka kimekauka. Wanaharisha maji, maranda ya kulalia yamelowa utadhani mvua inanyesha ndani ya banda. Matumbo yamejaa kama vifuko vya maji, wanahema, wanalala kifudifudi, wanakwisha.

Antoni, mtaalamu wa mifugo anayewahudumia watu wa Kiseke, alikuwa safarini Ukerewe. Kwa simu alikuwa ameuliza kuhusu chanjo ya Gumboro, ule ugonjwa unaoua vifaranga, na Odeta hakumficha: ilipaswa siku ya kumi, akaitoa siku ya kumi na mbili, kwa sababu mama yake mdogo alifariki na yeye alikwenda Usagara kuzika. Antoni akasema huenda ndiyo hiyo, lakini asiseme sana mpaka aje awapasue. Revocatus hakusubiri mtu apasue. Alishawatangazia majirani kwamba mkewe aliacha vifaranga hai akaenda kumlilia maiti. Na kule Usagara mama yake Odeta, aliposikia, alisema kumbe ni yeye aliyemponza mwanawe kwa kumwita msibani, na tangu juzi hali chakula vizuri.

Kashindye alikuwa amesimama karibu na mizani. Kiu. Matumbo. Maranda kulowa. Alipata kuyaona hayo mara moja tu, zamani sana, kwa mfugaji wa Nyegezi aliyejichanganyia mwenyewe, na ni yeye Kashindye aliyelamba kile chakula na kumwambia ndugu yangu umewapa kuku bahari. Nusu gunia la dagaa wa Pius lilikuwa nyuma yake, hatua nne. Alijua. Tuseme alijua nusu, kama mwenyewe alivyojitetea baadaye moyoni, lakini ile nusu ilitosha.

Mehjabeen, ambaye hakuwa mtu wa kufunika mambo, akauliza kama haiwezi kuwa chakula.

"Chakula sina shaka nacho, dada," Odeta akajibu. "Mzee alikionja mbele yangu. Ni mimi. Nilichelewa."

Wote wawili wakamgeukia mzee. Hapo ndipo palipokuwa mahali pake pa kusema, na palikuwa wazi kama uwanja. Kuku waliobaki walikuwa na vyombo vimejaa kile kile, wanakula wakati ule ule walipokuwa wanaongea. Kashindye akalijua hilo pia.

"Wape maji safi," akasema. "Uwaangalie."

Odeta akasema asante baba, akachukua mfuko wake mweusi, akaondoka.

Jioni ile mzee aliingia nyumbani na dagaa watano wamefungwa kwenye kipande cha gazeti. Hakusalimia vizuri. Akakifungua kile kipande juu ya meza na kumwambia Selina aonje, na aseme. Selina alitafuna mmoja, hakufika mbali. Alitoka nje akatema, akasukutua kwa maji ya ndoo, akarudi anafuta midomo kwa khanga.

"Hii ni chumvi, baba Mhoja."

"Nyingi?"

"Ya kuhifadhia samaki mwezi mzima. Kwani wamekwenda wapi?"

Akamweleza, kwa kifupi, akitazama meza. Selina hakumkaripia. Aliingia ndani akaileta simu ya mzee, akaiweka mbele yake, akasema ampigie yule mama sasa hivi, awaondolee kile chakula. Kashindye akasema jambo kama hilo halisemwi kwa simu. Mtu unakwenda, unakaa, unasalimia, unaliweka chini mbele ya watu wa nyumba. Ni heshima.

"Kuku hawasubiri heshima yako," Selina akasema.

Ni kweli halisemwi kwa simu. Lakini kuondoa chakula kunasemwa, ni maneno matatu. Alilijua hilo. Alichokuwa anaomba ni usiku mmoja zaidi wa kuwa yule anayeonyeshwa watoto, na alijichukia kwa kuomba hivyo, na bado aliomba. Akasema mtandao mbaya. Selina hakuitazama hata simu. Akakusanya vyombo.

Alfajiri Kashindye alikuwa Kiseke. Mvua ilikuwa imekatika, mawe ya mlimani yanang'aa kwa maji. Alimkuta Odeta mbele ya banda amechuchumaa, anawapanga vifaranga waliokufa juu ya gunia tupu, kwa safu, kumi, kumi, kumi, na wanne pembeni. Mumewe alikuwa amesimama mlangoni mwa nyumba na mswaki mdomoni.

"Shikamoo, baba," Odeta akasema, akiinuka kwa mshangao. "Umefika mpaka huku?"

"Marahaba, mwanangu. Ondoa kwanza vyombo vya chakula. Vyote. Halafu nitakwambia."

Odeta aliingia bandani, akatoa vyombo kimoja kimoja, na mzee akamimina chakula kilichomo kwenye mfuko. Akamwambia maji awape, lakini kidogo kidogo, kila baada ya muda mfupi, wasiyavamie yote kwa pamoja, maana mwili uliojaa chumvi ukipewa maji mengi ghafla unavimba. Ndipo yule mama akamwangalia vizuri.

Kashindye akasema. Alisimama, hakukubali kigoda. Akasema ulimi wake umekufa tangu mwaka jana mwezi wa sita, na amekuwa akionja chakula cha watu kama mtu anayesoma gazeti gizani. Akasema dagaa walikuwa wa chumvi, na yeye akaongeza chumvi ya karatasi juu yake. Akasema Gumboro haimo humu, chanjo haimo humu, na kwenda kuzika hakumo humu. Alipofika hapo alimgeukia Revocatus na kulirudia, polepole, kwa sauti ya kusikika nyumba ya pili.

Odeta akachota stata kwa vidole, akaonja. Uso ukamkunjamana. Akatema. Akamnyooshea mumewe kiganja, naye Revocatus akaja na povu la mswaki bado mdomoni, akalamba, akabaki ameinamisha kichwa.

Mzee alitegemea matusi. Alikuwa amejiandaa nayo njia nzima. Yule mama akakaa kwenye kile kigoda alichokikataa mzee, akaweka mikono mapajani, akapumua kwa namna ambayo mtu anapumua akitua mzigo wa kuni. Akasema maradhi hayamwombi mtu ruhusa. Akasema angeona haya yeye pia. Akamwambia mumewe asiseme neno lolote kwa mzee huyu, kwa sababu wenye makosa madogo kuliko haya wanakaa kwao wamejifungia, na huyu amekuja kwa miguu yake. Kisha akatoa simu, akampigia mama yake Usagara, na akaiweka kwenye sauti ya nje ili wote wasikie.

"Mama, ni chumvi. Ilikuwa kwenye chakula. Si msiba, mama. Mchanganyaji mwenyewe amekuja kusema."

Upande wa pili mama mtu mzima akaanza kulia, kilio cha chini, cha mtu aliyekwisha kujihukumu na sasa anafunguliwa. Alilia kwa muda. Alipopata sauti akasema, "Mwambie huyo mzee Mungu amzidishie. Watu wa kusema kweli wamekwisha."

Kashindye aliyapokea maneno yale kama mtu anayevishwa nguo ya wizi. Angeweza kuyachukua. Hakuna aliyejua zaidi. Angekwenda zake na hata jina lingine jipya, mzee mkweli, na pengine lingemfaa kuliko la kwanza. Aliwatazama wale vifaranga kwenye gunia. Jana saa tano walikuwa hai.

"Hawa," akasema, "wamekufa lini?"

"Tangu nilipotoka kwenu jana, baba. Thelathini na wanne."

"Jana nilijua," akasema. "Uliposema wanakunywa maji, nilijua. Nilinyamaza. Mke wangu aliniambia jioni nipige simu, sikupiga."

Simu ilikuwa bado wazi. Odeta akaibonyeza, ikafa. Hakusimama. Alimtazama mzee kwa muda, kwa yale macho yake ya kusikiliza mpaka mwisho, kana kwamba anangoja kama kuna kingine. Hakikuwepo.

"Nilisimama mbele yako," akasema hatimaye. "Nikasema ni mimi. Ukanitazama."

"Nilikutazama."

"Wale sitini na mmoja nimeshawazika mwenyewe, nikijilaumu mwenyewe. Hao nimewasamehe, ulikuwa ugonjwa. Hawa thelathini na wanne ni wako." Akamwonyesha kwa kidevu. "Jembe lipo nyuma ya banda."

Revocatus akafanya kama anataka kwenda kulichukua yeye, pengine kwa haya yake mwenyewe, maana naye alikuwa na ya kwake ya kujibu. Mkewe akamwambia amwache.

Kashindye akavua koti, akalitundika kwenye mti wa uzio. Udongo wa Kiseke ni mwepesi juu, chini kidogo tu unakuta jiwe. Shimo la kwanza likagonga jiwe, akahama. La pili likagonga. La tatu likashuka. Majirani walikuwa wameanza kutoka, wanasalimia, wengine wanamtambua, wanauliza kulikoni mzee wa ghala analima kwa watu asubuhi yote hii. Simu yake ikaita mfukoni mwa lile koti, mara mbili, Mehjabeen akimtafuta, akaiacha iite. Huko nako atakwenda, na atasema yote mawili, la ulimi na la kunyamaza, kwa mara moja. Akachimba mpaka mgongo ukakataa kunyooka, kisha akapiga magoti na kuanza kuwaweka mmoja mmoja. Walikuwa wazito kuliko umri wao, kwa yale maji tumboni.

Alimweka wa thelathini na nne. Akashika jembe ili afukie. Odeta akatoka bandani na mwingine kiganjani, akamlaza pembeni mwa shimo, akarudi ndani kuwapa maji waliobaki.